Deth metali na salsa: mchezaji aweke mguu wapi?

"Mwalimu, habari ya kazi. Mimi ni mpiga dramu wa bendi ya watu watano, mazoezi tunafanyia chumba cha mabati huku Umoja, Nairobi. Tumelelewa na deth metali, ile roki nzito ya kasi na mngurumo, lakini tangu mwaka jana tumeingiwa na hamu ya kuchanganya salsa na kumbia, muziki wa kucheza wa Walatini, humo ndani. Napiga blasti (kiki, yaani dramu kubwa ya mguu, na snea, ile ndogo ya mkono, zikipokezana haraka bila kukatika) kwa midundo 220 kwa dakika, rafiki yetu anapiga konga, ngoma ndefu za mkono, juu yake, na magitaa yanajaribu ile mistari ya piano ya Wakuba. Tukirekodi kwa simu, ni kama lori linamwaga kokoto. Dada mmoja anayefundisha salsa alikuja kutusikiliza, akasimama dakika nzima akitafuta pa kuanzia hatua, mwisho akakata tamaa akaketi. Mpiga gitaa wetu anasema tuachane na haya mambo, eti Ulatini si wetu na metali tunaiaibisha. Je, kasi yangu ndiyo haitoshi? Tununue konga za maana na pedali mpya? Na jambo lingine: baada ya mazoezi masikio yangu hulia ngiii mpaka asubuhi, na mwimbaji wetu ana sauti ya kukwaruza karibu mwezi mzima sasa. Tufanyeje?"

Huyo mwalimu wa salsa amewasaidia kuliko rekodi yoyote ya simu. Simu hujipandishia na kujishushia sauti yenyewe, na kelele ikizidi inabana kila kitu hadi kinakuwa kimo kimoja, kwa hiyo hata bendi iliyojipanga vizuri ikirekodiwa kwa simu ndani ya mabati itatoka kokoto. Usihukumu kazi yenu kwa rekodi hizo. Mguu wa mchezaji hauna kasoro hiyo. Na usidhani alishindwa kwa sababu ya kelele, maana wachezaji wa salsa wamezoea tarumbeta na timbales zinazopasua ukumbi. Alikuwa anatafuta upenyo kwenye mdundo wenu, na mlikuwa mmeziba kila upenyo.

Salsa inaishi kwenye mianya. Ili uamini, weka vijiti chini, kaa mezani, uhesabu 1 hadi 16 kwa mwendo ulio sawa, ukifika 16 urudi 1 bila kupumzika. Sasa piga kofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13 tu. Endelea hadi mikono iende yenyewe. Hiyo ndiyo klave ya son (muziki wa Kuba ulioizaa salsa), mapigo matano ambayo kila ala ya salsa inayafuata hata pale ambapo hakuna anayeyapiga. Angalia nafasi kati ya 7 na 11, kisha kati ya 13 na kurudi 1. Bila mianya hiyo mapigo matano hayana maana yoyote, yanakuwa makofi tu.

Ukishatulia hapo, mwambie mpiga besi wako aketi mbele yako agonge meza kwenye 4, 7, 12 na 15. Hii ndiyo njia ya kawaida ya besi ya salsa. Mtaona 4 na 7 mnakutana, kisha mnaachana upande wa pili. Na mtaona jambo ambalo humshtua kila aliyekulia kwenye metali: besi haipigi 1. Sisi tumezoea kwamba 1 ndipo uzito wote unaposhuka, kiki, besi na magitaa kwa pamoja. Kwenye salsa besi hutangulia, inaingia kabla ya 1 na kuishikilia noti hadi ng'ambo, na mchezaji anajazia ile 1 kwa mguu wake. Bendi yenu ilikuwa inakanyaga pale pale alipotakiwa kukanyaga yeye.

Sasa kasi. Hapa nataka nikuondolee dhana moja ambayo wapiga dramu wengi wa metali wanaibeba, kwamba metali ni ya haraka na muziki wa kucheza ni wa taratibu, hivyo lazima mmoja amburute mwenzake. Salsa ya kasi huhesabiwa midundo 180 hadi 220 kwa dakika. Mko barabara moja tayari. Shusha kidogo tu, kaa kwenye 200, tuangalie kinachotokea. Kila hesabu moja kati ya zile 16 inachukua milisekunde 150, na mzunguko mzima wa klave unachukua sekunde 2.4. Mchezaji wa salsa hupiga hatua tatu, anapumzika mdundo mmoja, hatua tatu tena, anapumzika. Hiyo ni midundo minane, na kwa mwendo huo nayo ni sekunde 2.4 kamili. Klave moja, mzunguko mmoja wa hatua.

Na blasti yako? Kiki na snea zikipokezana kwa mwendo huo, unatoa mapigo zaidi ya 13 kwa sekunde, yaani mapigo 32 ndani ya mzunguko ambao klave ina matano. Mapigo yakifuatana kwa kasi hiyo na kwa nguvu sawa, sikio halihangaiki tena kuyahesabu, huyachukua kama sauti moja ndefu yenye mchachariko. Kwenye deth metali hiyo ndiyo raha yake. Ukiongeza kasi, sauti ndefu inakuwa laini zaidi na mdundo unapotea zaidi. Kwa hiyo hapana, kasi yako si ndogo, na pedali mpya zitakuzidishia shida hiyo hiyo.

Lakini jiulize: ndani ya bendi ya salsa, ni ala gani yenye kazi ya kutoa mchachariko usiokatika? Ni marakasi na guiro, kile kibuyu chenye mikato kinachokwaruzwa kwa kijiti. Zipo muda wote, ziko haraka, na hakuna mtu anayepoteza hatua kwa sababu yake, maana hazidai uzito. Nakuomba uipe blasti yako kazi hiyo. Mkono wa kushoto uendelee na snea kama kawaida, ila vijiti visipande juu, sentimita chache tu kutoka kwenye ngozi. Mkono wa kulia uache kupiga toazi kila hesabu. Uhamishie kwenye kengele ya toazi, yaani kitovu chake cha katikati, upige klave peke yake: 1, 4, 7, 11, 13. Miguu nayo iache kukimbia, kiki igonge pamoja na besi pale pale ilipo: 4, 7, 12, 15. Sasa una snea inayochacharika kama guiro, kengele inayoshika klave, na kiki inayokwenda na besi. Bado ni blasti, mtu wa metali ataitambua tangu mlangoni, ila huyo dada ataona pa kuweka mguu.

Itakuuma mwanzoni. Mkono wa kulia umeshazoea kufungwa kamba moja na mguu, na kuutenganisha ni kazi ya wiki nyingi. Anza kwa 100, kaa hapo hadi uweze kuongea na mtu huku unapiga, ndipo upandishe tano tano. Ukiona kiki imeteleza kurudi kwenye 1, shuka tena. Ile blasti kamili, miguu miwili na kila kitu, usiitupe. Iwekee mahali: mwisho wa kiitikio, mizunguko minne ya klave, halafu mkate ghafla wote, kengele ibaki peke yake. Ukiipiga wimbo mzima inakuwa hali ya hewa tu. Ukiileta kwa sekunde kumi baada ya dakika mbili za kuwanyima, watu watapiga kelele.

Magitaa ni habari nyingine, na hapa mpiga gitaa wako ana haki ya kukasirika, kwa sababu amepewa kazi isiyowezekana kwa namna mnavyoipanga. Distoshoni, ule mkwaruzo wa gitaa la metali, hufanya mambo mawili. Kwanza, inakata vilele vya wimbi la sauti, hivyo mwanzo wa noti na mkia wake vinakaribiana ukubwa. Mstari wa piano wa salsa unategemea noti inayogonga na kunyamaza. Noti isiyonyamaza inaziba mianya tuliyohangaika kuifungua. Dawa yake ni kupunguza distoshoni hadi karibu nusu ya mnavyotumia sasa, na kuziba nyuzi kwa kiganja karibu na daraja la gitaa. Pili, noti mbili tofauti zikipita pamoja kwenye distoshoni moja, zinazaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Oktava (noti ile ile ikipigwa juu na chini) na noti ya tano huvumilia, ndiyo maana metali imejengwa juu yake. Vipatano vitamu vya salsa vinageuka matope. Habari njema ni kwamba piano ya salsa yenyewe mara nyingi hupigwa kwa oktava. Na mnapotaka vipatano, wagawieni magitaa mawili, kila mmoja noti yake, kila mmoja amplifaya yake. Hapo hakuna kinachochanganyika mpaka hewani, na hewani hakuna ubaya.

Besi ikishushwa hadi B ya chini, uzi ule hutetema mara 31 hivi kwa sekunde. Mtetemo mmoja unachukua milisekunde 32. Mkimfanya mpiga besi apige pamoja na blasti, pigo moja kila milisekunde 75, noti haipati hata mitetemo mitatu kabla ya nyingine kuingia, na sikio halina muda wa kuijua ni noti gani. Mnasikia mngurumo, basi. Mwacheni apige zile nne zake ndefu. Uzito mnaoutafuta kwa kushusha nyuzi upo katika urefu wa noti zake kuliko katika wingi wake.

Kuhusu kumbia nitasema kwa ufupi kwa sababu ni rahisi zaidi. Kumbia ya pwani ya Karibi ya Kolombia huenda taratibu, kwenye 90 hivi mguu unatulia, na blasti ya 180 inaingia ndani yake mara mbili bila ugomvi. Usichanganye hesabu yake na ya klave, na msivipige vyote viwili ndani ya wimbo mmoja mpaka mmevizoea kila kimoja. Hakuna kitu kimoja kiitwacho mdundo wa Kilatini. Merenge ya Jamhuri ya Dominika, samba ya Brazili, son ya Kuba na kumbia kila moja ina nyumba yake.

Kuna njia nyingine ambayo wengi wanaichagua, ya kupokezana: salsa kidogo, metali kidogo, mnarudi salsa. Puya, bendi ya Puerto Rico, ilifanya hivyo na tarumbeta zake kwenye albamu ya mwaka 1999, na ilifanya vizuri. Atheist wa Florida waliingiza samba ndani ya deth metali mwaka 1993. Sepultura wa Brazili walikwenda upande mwingine kabisa mwaka 1996, wakapunguza kasi, wakamleta Carlinhos Brown na ngoma zake, wakaacha ngoma ziwe ndiyo uzito. Nawasihi mzisikilize zote tatu kwa kalamu mkononi, mkiandika nani ameshika mwendo kila sehemu. Kupokezana ni rahisi kujifunza na watu hupenda mshtuko wake. Gharama yake ni kwamba kila mnapogeuka mchezaji anaweza kuachwa, isipokuwa mdundo mmoja uendelee chini ya pande zote mbili bila kukatika. Mkichagua njia hiyo, mtu mmoja, na ningependa awe mpiga konga, asibadilike hata kidogo wakati ninyi wengine mnageuka. Mimi binafsi napenda njia ya kwanza, ya kuviweka vyote ndani ya mwili mmoja. Ni ngumu na inachukua muda, lakini ndiyo itakayowapa sauti ambayo mtu akiisikia kwenye matatu atauliza ni akina nani hao.

Ukinunua kitu, nunua kengele ya chuma ya bei nafuu na vizibo vya masikio, ninavyovirudia hapo chini. Konga za bei kubwa hazitasikika ndani ya mabati mbele ya amplifaya mbili. Ipeni konga maikrofoni, mshushe magitaa, ndipo mjue kama mnahitaji nyingine.

Sasa kuhusu Ulatini usio wetu. Mwambie mpiga gitaa aulizie nyumbani santuri zipi zilichezwa zamani. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya EMI ilileta Afrika mfululizo wa santuri za GV, nyingi zikiwa son za Kuba, na Wakongo walipozisikia wakatambua kilichokuwa chao kikirudi kutoka ng'ambo ya bahari. Ndipo rumba ikazaliwa kule. Miaka ya 1970 rumba ilihamia Nairobi na virago vyake: bendi ya Super Mazembe ilitua hapa, na ya Les Mangelepa ikaundwa hapa hapa mwaka 1976. Mpiga dramu wa rumba anapogonga ukingo wa snea, mara nyingi anachogonga ni klave ile ile uliyoipiga mezani. Watu wa mji huu wameicheza harusini na vilabuni kwa zaidi ya nusu karne. Metali nayo ina wenyewe hapa. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kelele tupu na dramu za kompyuta, ikasikilizwa dunia nzima, na hawakuomba ruhusa kwa mtu.

Lakini msikilize pia, maana ndani ya hasira yake kuna jambo la kweli. Mkitumia salsa kama pambo la kuchekesha ukumbi, tarumbeta ya kuigiza hapa na ukelele wa "azúcar" (sukari) pale, mtaiaibisha metali na salsa pamoja. Mwulize kama angekubali kuanzia na mdundo ulio mwilini mwake. Chakacha ya pwani, kwa mfano, inakwenda kwa tatu tatu, na metali ina mapigo mengi ya tatu yanayokaa humo vizuri. Wimbo mmoja wa namna hiyo unaweza kumrudisha mezani, na mkirudi kwenye klave atakuwa anasikia badala ya kuhesabu.

Masikio. Tafadhali usilichukulie hili kama ada ya mpiga dramu. Kiwango cha usalama kinachotumika sana kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu. Dramu na magitaa ndani ya chumba cha mabati hupita 100 bila shida. Mlio unaodumu hadi asubuhi ni dalili kwamba chembe laini za ndani ya sikio zimeumia, na chembe hizo zikifa hazioti tena. Pamba haisaidii. Tafuta vizibo vya wanamuziki, tandikeni mablanketi na magodoro ukutani, mpumzike nje dakika kumi kila nusu saa. Ukiona mlio umepita siku mbili, au sikio moja limeziba ghafla, nenda hospitali. Hilo la sikio kuziba ghafla uende siku hiyo hiyo, kwa sababu tiba yake ina siku chache za kufanya kazi.

Mwimbaji wenu asisubiri tena. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, daktari wa masikio, pua na koo anatakiwa azitazame nyuzi za sauti kwa kamera ndogo. Hospitali ya Kenyatta ina kliniki yake. Tangawizi na asali hutuliza koo, lakini unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti, na kunong'ona hakuzipumzishi. Anyamaze kabisa kuimba mpaka aonekane. Mngurumo wa deth metali unaweza kupigwa miaka mingi bila madhara pale nguvu inapotoka kwenye pumzi na misuli iliyo juu ya nyuzi zile, na hilo hufundishwa na mtu anayekutazama, halijifunzwi kwa video.

Hata mdundo wenyewe una mahali ambapo maandishi yangu hayafiki. Mkishaweza ile hesabu ya mezani kwa 160 bila kuteleza, tafuteni bendi ya rumba inayopiga wikendi, mwombeni mpiga dramu awaruhusu kukaa nyuma yake seti moja, na mtazame mguu wake wa kulia tu. Kisha mwiteni tena yule dada. Safari hii msimpigie wimbo mzima. Mpigieni kengele, kiki na besi kwa dakika moja, mngoje aanze hatua, halafu ingiza snea taratibu, halafu magitaa. Pale atakapopoteza mguu, simameni. Ala iliyoingia mwisho ndiyo yenye shida.